Nani Atamwosha Hemedi

Nyuma ya soko la Kilindoni yupo fundi pikipiki mmoja anayeitwa Mzee. Mgeni akiambiwa "mpelekee Mzee hiyo," atatafuta mwenye mvi mpaka achoke, na kumbe Mzee mwenyewe kachutama mbele yake, hajafika miaka thelathini, oili imemtapakaa hadi puani. Jina lake ni Ukasha, mwana wa Hemedi wa Bweni. Huo uzee alipewa na kanisa lake, la hao wanaoitwa Wamormoni, ambao vijana wao wakitumwa kuhubiri huitwa Mzee hata kama kidevuni mna ndevu tatu. Watu wa Kilindoni walipolisikia hilo walicheka wakashika mbavu, wakalichukua jina, na jina likamganda.

Jumapili hafungui kazi. Huvaa shati jeupe na tai, hufunga mlango wa chumba chake, huimba nyimbo mbili kwa sauti ya chini, husoma, kisha hukaa. Mkate na maji ya sakramenti hana, kwa sababu huko kwao mtu habariki vitu hivyo mpaka apewe ruhusa na aliye juu yake, na kisiwa kizima cha Mafia hakuna mwingine wa dini yake, wa juu wala wa chini. Wapita njia husema anaongea na majini. Waongo hao. Haongei na mtu.

Ukitaka kujua alifikaje hapo, ziache kwanza habari za kanisa, anza na baba yake.

Hemedi alikuwa mwosha maiti wa Bweni. Siku za kawaida alikuwa mkulima wa minazi kama wenzake wote wa huko kaskazini, mtu wa kukwea, kuangua na kufua nazi. Lakini mwanamume akifa, kabla hata kilio hakijashika, mtu alikuwa ameshatumwa kwa Hemedi. Alikuja na mfuko wake wa kitambaa wenye kafuri, pamba na majani makavu ya mkunazi, akawatoa watu chumbani, akachimbisha ufuo wa kupokea maji chini ya kitanda, akafanya kazi yake. Hakuomba malipo, na mkewe alipewa tu sabuni na shukurani. Watu walimheshimu sana, na kwa heshima hiyo hiyo walijiepusha naye. Watoto wa jirani hawakukubali kula chungwa lililomenywa na mikono yake. Ukasha aliyala yote, peke yake, akashiba.

Alikuwa mtoto wa pekee, na kazi ile alifundishwa mapema. "Maji usiyajaribu kwa kidole, kidole kimezoea moto. Jaribu kwa kiwiko. Anza upande wa kulia. Usimgeuze mtu kwa kumsukuma, mpitishie mkono chini ya kwapa, umwite kwa upole ndani ya roho yako. Na ukiona aibu ya maiti, ifie machoni mwako, isifike mdomoni." Halafu Hemedi humalizia kwa neno ambalo Waswahili wengine hulisema kwa mafumbo, na yeye alilisema kama mtu anayepanga safari: "Mwosha huoshwa, Ukasha. Mimi utaniosha wewe."

"Ndiyo, baba," hujibu mtoto.

Mama yake, Umi, alifariki akijifungua, yeye na kichanga chake. Mwanamke huoshwa na wanawake, na aliyewaongoza siku ile ni Biubwa, dada yake Hemedi. Mwosha wa mji mzima alibaki nje ya ua wa makuti, mkono mmoja kaushika ua, anasikiliza maji. Ukasha alisimama karibu naye akamwuliza kama mama bado ni wa kwao. Hemedi alijibu kwamba sasa ni wa Mungu. Kwa mtu mzima jibu hilo linatosha, na ni la haki. Mtoto hakulitaka, akakaa nalo miaka.

Alipokua alivuka kwenda Dar es Salaam kujifunza ufundi, Mbagala, kwa jamaa mmoja wa ukoo. Huko siku moja wakaja vijana wawili wa mashati meupe wanakokota baiskeli iliyokatika mnyororo. Aliwaungia. Aliwauliza wanauza nini, wakamwambia hawauzi, akawaambia kila anayevaa tai juani anauza. Walicheka, na kesho yake wakarudi. Mengi waliyomwambia yalimpita juu kwa juu: nabii wa Marekani, kitabu cha dhahabu, hakuona yanamhusu nini mtu wa Bweni. Mpaka siku mmoja wao aliposema kwamba ndoa na uzazi vinaweza kufungwa kwa namna ambayo kifo hakivifungui, na kwamba walio hai wanaweza kuingia majini kubatizwa kwa niaba ya wafu wao, kisha wafu kule waliko wakakubali au wakakataa kwa hiari yao.

Ukasha aliweka spana chini. Hapo ndipo walipompata, wala si mahali pengine. Maisha yake yote alikuwa ameona watu wakiwaosha wafu wao, wakiwazika na kuwasomea, wakawaachia Mungu, na hapa anatokea mtu anayesema kazi ya maji haijaisha. Alimfikiria Umi, akafikiria ule ua wa makuti. Baada ya miezi alibatizwa.

Hakumwambia baba yake. Alijidanganya kwamba anangoja siku nzuri, na siku nzuri ya habari ya namna hiyo haipo. Mtu mmoja wa Bweni alimwona akitoka kanisani, na siri ikaiwahi boti kuvuka. Simu ililia.

"Nimesikia," alisema Hemedi.

"Shikamoo, baba. Ni kweli."

"Marahaba. Basi nani ataniosha?"

Akakata. Hakulaani, hakutukana, wala hakumwita murtadi kama walivyomwita wengine. Ukasha alikaa na simu mkononi akitamani angetukanwa, maana tusi hujibika.

Kanisa lilimtuma misheni Kenya, Eldoret, baridi ya huko kwa mtoto wa pwani ni adhabu tosha. Alipewa beji nyeusi ya kubandika kifuani, na kwa desturi yao beji huandikwa jina la ukoo, kwa hiyo yake ikasomeka Mzee Hemedi. Miaka miwili alizunguka milima ya watu akiitwa kwa jina la baba ambaye hapokei simu zake. Aligonga milango, akafungiwa milango. Watoto walimfuata kusikia Kiswahili chake wakiiga "ati" zake. Mwenzake, Mganda aitwaye Okello, alikuwa na imani nyepesi ya mtu aliyezaliwa ndani yake, na kila usiku alilala kama gunia. Ukasha alilala akitazama dari. Ukweli wake aliujua yeye: alisali kwa sababu Okello yupo chumbani.

Kilichombadilisha hakikuwa mahubiri. Walikwenda kumsalimu mama mmoja mjane mtarajiwa, mumewe mgonjwa wa siku nyingi, wakamkuta ameshakuwa mjane. Majirani walisimama mbali. Ugonjwa wa marehemu ulikuwa na maneno mengi, na hakuna aliyetaka kumgusa. Yule mama alikuwa amekaa mlangoni na beseni tupu. Ukasha alivua tai, akakunja mikono ya shati, akaomba maji yapashwe, akayajaribu kwa kiwiko. Okello alimwagia huku kafumba macho. Ukasha alianza upande wa kulia, akampitishia mtu yule mkono chini ya kwapa, akamwita kwa upole ndani ya roho yake. Na katikati ya kazi akagundua kwamba anazungumza na Mungu, kwa dhati, kwa mara ya kwanza tangu abatizwe, na kwamba anasikilizwa. Hakuona mwanga, wala hakusikia sauti. Alijua tu, kama unavyojua kuna mtu chumbani hata ukimpa mgongo.

Tangu siku hiyo imani ikawa yake. Alifunga kwa hiari, akasoma mpaka kitabu kikachakaa, akahubiri hadi Okello mwenyewe akawa anasikiliza. Na aione nani hii ajabu, kwamba dini mpya ilimwingilia kwenye mikono aliyofundishwa na mwosha wa Bweni?

Misheni ilipokwisha alirudi nyumbani moja kwa moja. Barabara ya Bweni ni ile ile, bodaboda inakurusha mpaka unasahau ulikuwa unaogopa nini. Alimkuta Hemedi anafua nazi uani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hemedi hakuinua kichwa. Alimalizia nazi aliyokuwa nayo, akaitupa kwenye rundo. "Umekonda. Huko hawali samaki?"

Wakala pamoja, samaki wa nazi na wali. Habari ya dini haikutajwa. Ukasha alilala kwenye kitanda chake cha utotoni akiwa na tumaini, na tumaini lake lilikuwa dogo la kueleweka: baba amridhie, amruhusu kuingia hekaluni kubatizwa kwa niaba ya mama yake, maana ruhusa ya mke ni ya mume, na siku ikifika amwoshe yeye. Alipanga kuomba kesho yake. Kesho yake hakuomba. Wanakijiji walikuwa na neno lao tayari, mwacha mila ni mtumwa, na walilisema akipita, hawakujali kama limefika.

Akafungua karakana Kilindoni, na kila Ijumaa alipanda Bweni. Hemedi akienda msikitini, Ukasha alimngoja barazani, na baba akirudi walikula. Mambo yalikwenda hivyo mpaka Hemedi alipopooza upande wa kushoto, akiwa bado na akili zake na ulimi mzito kidogo. Ukasha alifunga karakana akahamia Bweni kumwuguza.

Hizo zilikuwa siku zao nzuri, na ni aibu kusema hivyo juu ya ugonjwa, lakini ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi na jioni Ukasha alimwogesha baba yake kitandani. Mwosha mkuu hakuacha kusimamia kazi.

"Umeyajaribu?"

"Kwa kiwiko, baba."

"Mbona yamepoa? Mimi sijafa bado. Na bega hilo polepole." Bega la kushoto lilivunjika zamani alipoanguka mnazini, likaungana vibaya.

"Polepole, baba."

"Hivyo. Mkono wako mzuri. Mkono wa Mfaume una haraka, ule." Mfaume alikuwa jirani yao, ndiye aliyechukua kazi ya kuosha maiti tangu Hemedi alale. "Mfaume ataniosha kama anaosha sufuria."

Siku moja, akiwa amekaushwa na kuvalishwa msuli safi, alimshika mwanawe kifundo cha mkono. "Sema shahada, Ukasha. Ni maneno mafupi, ulikuwa unayasema hujajua kuvaa suruali. Mimi sitakuuliza moyoni mna nini. Moyo ni wa Mungu. Sema watu wasikie, unioshe kwa mikono hii, halafu urudi kwenye mambo yako."

Ukasha angekuwa mtu wa imani haba, angesema. Wangapi wamesema makubwa kuliko hayo kwa sababu ndogo kuliko hiyo? Lakini yeye alikuwa ameamini kweli, na mtu akiamini kweli ulimi wake huwa mzito mahali ambapo wa wengine ni mwepesi.

"Nikisema nisichoamini, baba, nitakuwa nimekuosha kwa mikono ya uongo. Wewe ungekubali?"

Hemedi alimwachia kifundo. "Nimekufundisha vizuri mno," alisema, akageuza uso ukutani. Haikujulikana kama ni sifa au ni lawama.

Ugonjwa ukazidi. Kifua kilijaa. Mganga wa zahanati alikuja, akatikisa kichwa, akaacha vidonge. Siku ile ambayo Ukasha angetoa chochote irudi, Hemedi alikataa uji tangu asubuhi. Mfaume alikuja kumjulia hali, akakaa naye peke yake kitambo, akaondoka. Baada ya adhuhuri Biubwa, ambaye nyumba yake ni ng'ambo ya njia, alikwenda kuanua dagaa wake. Ukasha akabaki na baba yake. Mgonjwa alikuwa amelala, mdomo wazi, pumzi zinapanda kama mtu anayevuta ndoo kisimani.

Kwenye funguo zake Ukasha alikuwa na kichupa kidogo cha mafuta ya zeituni yaliyobarikiwa, ambacho wamisionari wao hutembea nacho kwa ajili ya wagonjwa. Misheni nzima alifundishwa kanuni moja: mafuta hapakwi mtu ambaye hajaomba. Aliwahi kumkemea Okello kwa kuivunja. Aliijua vizuri kabisa alipokuwa anakifungua kile kichupa. Lakini aliona baba yake anaondoka mbele ya macho yake, na alikuwa na imani, na imani ile ilimwambia kwamba mikononi mwake mna uwezo. Mtu mwenye dawa mfukoni atakaa akiangalia?

Akadondosha tone moja utosini. Akaweka mikono miwili juu ya kichwa cha baba yake, na kama utaratibu unavyotaka, akamwita kwa jina lake lote. "Hemedi Abubakari Kheri," akasema, "kwa mamlaka ya ukuhani, na kwa jina la Yesu Kristo..."

Hemedi akafumbua macho.

Mafuta ya zeituni hayakuwa na neno. Miaka yote Hemedi mwenyewe alijipaka zeituni magotini, ni sunna na ni dawa. Neno lilikuwa lile jina. Mtu aliyesimama juu ya makaburi ya Bweni umri wake wote anajua ni lini binadamu aliyelala chali huitwa kwa jina na mtu aliye juu yake. Huitwa kaburini akishafukiwa, anaposomewa talakini, akumbushwe la kuwajibu malaika wakimwuliza Mola wake ni nani na dini yake ni ipi.

"Unanisomea talakini," alisema Hemedi. Ulimi ulikuwa mzito lakini kila neno lilitoka zima. "Ningali hai. Ya dini yako. Ili nikajibu nini huko, Ukasha?"

"Hapana, baba. Nilikuwa nakuombea upone."

"Toa mikono."

Ukasha akaitoa. Alipiga magoti kando ya kitanda akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuharibu, maana alikuwa hawezi kusema halikuwa jambo la dini. Alilia mbele ya baba yake kwa mara ya kwanza tangu maziko ya Umi. Hemedi alingoja anyamaze.

"Mwite Biubwa," alisema.

Biubwa alikuja na mikono inanuka dagaa, akasimama mlangoni, akamtazama ndugu yake na mpwa wake, akajua kuna kubwa.

"Nitoe hapa," Hemedi alimwambia dada yake. "Nipeleke kwako. Na huyu asiniguse tena. Niwe hai, niwe maiti."

"Kaka, ni mwanao."

"Najua ni mwanangu. Nimesema."

Vijana wanne wakakibeba kitanda wakavuka njia. Ukasha alishika mguu mmoja wa kitanda, Biubwa akamwondoa mkono taratibu, bila neno. Kila siku baada ya hapo alikwenda nyumbani kwa shangazi yake, akabisha hodi, akaambiwa "mwanangu, rudi tu, hajabadilika," akarudi. Hemedi hakumaliza wiki.

Walimwosha uani kwa Biubwa, asubuhi. Ukasha alisimama nje ya ua wa makuti, mahali pa kusimama pasipohitaji ruhusa ya mtu. Alisikia kafuri inapondwa. Alisikia maji ya kwanza, akajua wameanza upande wa kulia, akajua mkono ni wa Mfaume kwa jinsi maji yalivyokimbia. Alijikaza. Waliposema ndani "haya, geuza," hakuweza tena.

"Mfaume," aliita kupitia makuti. "Bega la kushoto. Lilivunjika. Polepole."

Ndani maji yakasita. Kisha maji yakaanza tena, polepole. Lakini mzee mmoja wa msikiti alikuja akamwambia kwamba hapo si mahali pake, aende akakae na wageni. Akaenda. Jeneza lilipotoka, wanaume wakapokezana kama ilivyo ada, kila mmoja apate thawabu ya hatua chache, na Ukasha akaingia katikati yao akaweka bega. Mkono ukamgusa kifuani ukamrudisha nyuma. Haukuwa mkono wa ukali, na hakutazama ni wa nani. Akafuata nyuma kabisa, akakaa njiani mpaka wakamaliza, na toka pale alisikia shehe akimwita baba yake kwa jina, na kumkumbusha cha kujibu.

Mfaume ndiye aliyemfuata baada ya hitima, watu wameshatawanyika, sahani zinaoshwa.

"Sikutaka kukwambia," alisema. "Lakini si haki nikae nalo. Ile asubuhi, kabla ya lile jambo lako la mafuta, aliniita. Akaniambia, Mfaume, nikifa muachie Ukasha. Wewe mwagia maji tu, mikono iwe yake. Wakikuuliza, waambie mimi mwenyewe nimeridhia, na dhambi kama ipo ni yangu."

Ukasha akauliza, "Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema atakwambia jioni. Ukimwogesha."

Ukasha aliketi chini pale pale, mchangani, kati ya masufuria. Biubwa alitoka jikoni akamwona, akarudi ndani. Majuto ni mjukuu, watu husema, na mjukuu huwa na adabu ya kuchelewa. Ruhusa ya baba ilikuja siku moja na kosa lenyewe, ikapishana nalo mlangoni.

Alirudi Kilindoni akafungua karakana. Wengi walidhani sasa ataitupa ile dini iliyomkosesha baba, arudi msikitini, yaishe. Wengine walimwambia hivyo kwa mapenzi. Laiti ingewezekana. Imani haikupungua hata kidogo. Bado akisali anajua kuna mtu chumbani. Hilo ndilo lililokuwa zito, maana asiyeamini angezika akalia akasahau, na yeye kila akikumbuka anakumbuka na huko mbele: baba upande mmoja, yeye upande mwingine, na mama yake, ambaye hakuwahi kumwombea ruhusa, sijui wapi katikati.

Jumapili moja simu ililia akiwa ndani ya lile shati lake jeupe. Aliyepiga ni rais wa tawi lake la Dar, yaani mkuu wa waumini wa huko, mtu mwema, mpole, aliyemkumbuka kila mara.

"Ndugu Hemedi, pole tena. Nilitaka kukwambia jambo la faraja. Muda uliowekwa umepita, kazi ya baba yako hekaluni inaweza kufanyika. Hekalu sasa lipo Nairobi, si mbali kama zamani. Na mama pia. Ruhusa hutolewa na ndugu wa karibu, na ndugu wa karibu kabisa ni wewe."

Hatimaye Ukasha alikuwa na mtu anayemruhusu. Angeingia majini mwenyewe, kwa miguu yake, jina la Hemedi likatajwa juu ya kichwa chake, na mikono hii ikafanya iliyozuiwa kufanya. Hilo ndilo lililomfanya aweke spana chini Mbagala. Hilo ndilo alilolihubiri Eldoret kwenye mvua. Alikuwa anaamini kila neno lake.

"Upo, ndugu?"

"Nipo, Rais."

"Kumbuka, yeye huko aliko ana hiari. Akitaka atakubali, asipotaka atakataa. Halazimishwi."

"Najua, Rais. Nimewafundisha wengi." Alifuta uso kwa ncha ya tai. "Lakini baba yangu alishakataa. Alijibebesha kwa kitanda, mgonjwa vile, ili akatae. Nikimfuata na huko, atahamia wapi tena?"

Rais wa tawi akasema watalizungumza siku nyingine, akaomba kwa ajili yake kwenye simu, ombi zuri. Ukasha alisema amina. Hawakulizungumza tena. Kuhusu mama yake naye hakutoa ruhusa. Aliona Hemedi angekataa, na hakuona kwamba yeye ana haki ya kumtenganisha mama na mumewe hata kwa wema.

Siku hizi Mfaume hushuka Kilindoni mara kwa mara na pikipiki yake chakavu, na haipeleki kwa fundi mwingine. Huketi kwenye kigoda akamtazama Ukasha anavyofanya kazi, na huwa hawana maneno mengi. Juzi alimtazama kwa muda anavyonawa oili kwenye ndoo, maana kabla ya kuingiza mikono aliyajaribu maji kwa kiwiko, wala hakujua kama amefanya hivyo.

"Mzee," alisema Mfaume, na safari hii hakutania. "Sisi Bweni hatutaruhusiwa. Wenzako hapa huna. Siku yako wewe nani atakuosha?"

Ukasha aliikausha mikono kwa kitambaa, akakaza nati ya mwisho, akampa funguo, akamwambia pikipiki imepona.